Malalamiko Kuhusu Kufagiwa kwa Uso wa Mwanangu

Kwako Shemeji, mdogo wa mume wangu na fundi wa kompyuta wa ukoo mzima,

Sasa hivi tu mtoto wa kaka yako amepanda kiti, akaweka kidole chenye maziwa kwenye kioo cha kompyuta, palepale kwenye shavu la picha yake, kisha akajishika shavu lake mwenyewe na kunitazama kana kwamba nimemwibia kitu. Ndiyo maana nakuandikia, kwa adabu zote, kabla sijapoa.

Jumapili ulikuja, ukala, ukashukuru, ukaketi kwenye kompyuta yetu saa mbili nzima, ukasema umeipanga. Sina ugomvi na moyo wako. Ila nina haya:

1. Ile picha ya mtoto iliyojaa kiooni haikuwa pambo, ilikuwa kabati langu. Karatasi za kliniki zilikaa puani, kwa sababu ya mafua. Mkataba wa nyumba mdomoni, maana mwenye nyumba haishi maneno. Waranti ya friji kidevuni. Cheti changu cha shule ya msingi kilikaa kwenye kishimo cha shavu la kushoto, mahali ninapombusu kila asubuhi, nisije nikapasahau. Wewe umefagia vyote. Mtoto amebaki uso mtupu kama hana wazazi.

2. Ulisema mpangilio wangu ungenipoteza siku moja. Shemeji, mwaka juzi na mwaka jana niliomba darasa la jioni, na mara zote mbili nilituma cheti papo hapo, bila hata kukifungua, kwa kugusa shavu tu. Kwamba chuo hawakunijibu ni roho zao, si mpangilio.

3. Picha mia mbili na kumi na nne za mtoto amelala umezipunguza zikabaki tisa, eti zinafanana. Nakubali, zinafanana. Na wewe na kaka yako mnafanana. Mbona sijafuta mmoja?

4. Mume wangu ana folda yake. Mtoto ana yake. Friji, Shemeji, friji ina folda yake, tena kwa herufi kubwa. Mimi ninayeipangusa hiyo friji umeniweka kwenye "Mengineyo", pamoja na maelekezo ya feni iliyokufa.

5. Leo saa sita mchana chuo wanafunga kupokea maombi, na katibu amesema mwakani darasa halipo. Sasa ni saa nne. Cheti sijui kiko wapi.

Kwa hiyo naomba mawili tu. Kwanza, uache kazi uje urudishe kila kitu usoni, hata kama itabidi umwambie bosi kuna msiba wa mafaili. Pili, kwa haki, unipe ufunguo wa chumba chako. Soksi zako nitazipanga kwa mwaka wa kununuliwa, mashati yanayofanana nitabakiza moja, na picha ya mchumba wako nitaiweka kwenye Mengineyo.

Wasalimie wote huko, mchumba wako na bosi pia. Mtoto anakupa shavu.

Ni mimi shemeji yako, ninayekuheshimu bado,
Mama wa mwenye uso mtupu

Tanbihi: Kabla ya kutuma hii nimejaribu kile kikaratasi ulichobandika pembeni mwa kioo: andika "cheti" kwenye kisanduku cha kutafutia. Kimekuja kabla sijanyanyua kidole, na jina langu na muhuri. Basi nikafungua na zile barua pepe nilizowatumia chuo. Shemeji, zote mbili nilikuwa nimeambatanisha waranti ya friji. Cheti kilikuwa kidevuni siku zote. Watu wa watu wamekaa miaka miwili wakijiuliza friji inataka kusomea nini.

Chenyewe nimeshakituma, nimekifungua mara tatu kuhakikisha, na katibu amejibu kwamba amekipokea. Usirudishe kitu. Soksi zako ziko salama. Ila Mengineyo uibadilishe jina, iitwe Mwanafunzi, uiweke palepale kwenye kishimo cha shavu la kushoto, maana mkono wangu umeshazoea. Halafu Jumapili ukipata nafasi unifundishe na kule kutafu... mama mkwe ananiita, mtoto anabembea kwenye mlango wa friji, na ile waranti, nimeisoma leo, kumbe ilikuwa ya mwaka mmoja tu, kwa hiyo nakimbia kabla