Joto Lililozidi katika Nyumba Mpya ya Udugu

Nyumba ya Udugu wa Tau,
Mtaa wa Linden,
Iowa.

Kwa Bi. Lorraine Ostrander,
Mkurugenzi wa Makazi ya Wanafunzi.

Mheshimiwa Bi. Mkurugenzi,

YAH: KUKOSEKANA KWA BARIDI KATIKA JENGO JIPYA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Kama una mafua, pole sana. Sisi huku hatuna mafua, na sababu yake nitaieleza hapo chini.

Mimi naitwa Clayton Wubbena, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma biashara ya kilimo. Wanafunzi wenzangu wa chama hiki cha udugu, tunaoishi pamoja na kuitana ndugu, wamenichagua kuwa rais wa nyumba hii, cheo ambacho kazi zake kubwa ni kuzibua choo na kuandika barua. Leo choo hakina neno, kwa hiyo naandika.

Tumeoneshwa ramani ya jengo ambalo Chuo kinakusudia kutujengea, baada ya kuivunja nyumba yetu kiangazi kijacho. Kwanza kabisa tunashukuru. Ramani inapendeza, imepakwa rangi, na miti iliyochorwa mlangoni ina majani mengi kuliko mti wowote wa mtaa huu. Watu waliochorwa wakipita nje wamevaa vizuri, na hakuna hata mmoja aliyebeba sofa. Lakini tulipoitandaza mezani tukaanza kuisoma kwa makini tuliona kasoro, na kadiri tulivyozidi kutazama ndivyo zilivyozidi kuzaana. Naomba uniruhusu nizitaje kwa mpangilio.

Kwanza: bweni la baridi halimo.

Najua hujawahi kulala kwetu, kwa hiyo sikulaumu. Tangu nyumba hii ijengwe, ndugu wote hulala chumba kimoja, ghorofa ya juu kabisa, kwenye vitanda vya dabodeka, madirisha yakiwa wazi. Vyumba vya chini ni vya kusomea na kutupia nguo chafu; kulala ni juu. Madirisha hufunguliwa siku ya kwanza ya masomo, na hayafungwi mpaka watu wavae majoho ya kuhitimu. Ndiyo, hata Januari. Januari hasa. Mtu huamka akakuta theluji kidogo imetulia kwenye pindo la blanketi, akaipangusa, akashuka kunywa kahawa. Waliotutangulia waliamini kwamba hewa baridi hufukuza magonjwa. Sisi hatuna hakika na sayansi yake, ila hatukutaka kuwa kizazi cha kwanza kufunga dirisha.

Badala ya bweni hilo, ramani yenu ina vyumba ishirini na vitatu, kila mtu na chake, na ukutani pana kidude cha kuchagulia joto. Bi. Mkurugenzi, umewahi kumwona kijana wa miaka kumi na tisa akichagua kitu? Trent Haverkamp, ambaye ndiye mweka hazina wetu, husimama mbele ya friji mlango ukiwa wazi, akawaza, akawazua, kisha akala mkate mtupu. Huyo ndiye mnayetaka kumkabidhi hali ya hewa.

Pili: madirisha yenyewe hayafunguki. Nilidhani ni makosa ya kuchora, nikamuuliza msanifu wenu, Bi. Quillen, siku alipotuletea kile kijumba cha karatasi cha kuonyesha mfano wa jengo. Akanijibu kwa upole, "Mdogo wangu, dirisha likifunguka si joto lote litatoka?" Nikamwambia, "Ehe! Hapo sasa dada tunaelewana." Akaenda kuzungumza na mtu mwingine.

Tatu: kila chumba kina bafu lake. Hili limetuuma kuliko tulivyotegemea. Kwa sasa tuna masinki manne yaliyopangwa ukutani, na kila asubuhi tunabanana hapo, povu mdomoni, tukisukumana kwa viwiko. Nyumba hii inaendeshwa kutoka pale. Mimi mwenyewe nilipendekezwa urais nikiwa na mswaki kinywani, ndiyo maana sikuweza kukataa. Na ni pale pale Trent alipoulizwa, mbele ya watu, "Kaka, hayo masharubu yanakuja au yanaondoka?" Akayanyoa hapo hapo, na sasa ana mchumba. Mtu akipiga mswaki peke yake, nani atamwambia ukweli? Kioo chenyewe kimeshamzoea.

Nne: kuta haziruhusu sauti kupita. Kwenye kile kijitabu chenu jambo hili limeandikwa kama sifa, eti "utulivu kamili". Nani aliomba utulivu? Kwetu ukikosa usingizi unalala pale ukijua nani kesharudi na nani bado, kwa kikohozi tu. Trent hukoroma kama trekta la baba yangu linapokataa kuwaka, na akinyamaza ghafla sote tunainuka kumtazama kama bado anapumua. Akiwekwa nyuma ya ukuta uliojazwa pamba, atakoroma au atanyamaza, sisi tutajuaje?

Tano. Hili nimelichelewesha kwa kuwa ndilo lenyewe.

Kila kitanda katika jengo jipya kimewekewa saa ya kumwamshia mtu. Katika bweni la baridi kengele ni marufuku, na simu ni marufuku, maana kengele ya mmoja ni adhabu ya wote. Kwetu mtu huamshwa kwa mkono. Kabla ya kulala unamwambia ndugu wa zamu unataka uamshwe saa ngapi na kwa namna gani. Wapo wanaotaka kuvutwa mguu. Yupo anayetaka aambiwe kwanza matokeo ya mpira wa kikapu. Trent hutaka atukanwe, la sivyo haamini kwamba kumekucha. Ndugu wa zamu hupita bila taa, akipapasa vitanda kimoja kimoja, na hakosei mtu.

Mwaka huu amejiunga nasi Arlo Behnke, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka mashambani Nebraska. Ni mkimya kiasi kwamba tulikaa naye wiki nzima tukidhani ana hasira. Trent, aliyekuwa wa zamu, akamuuliza, "Haya, mdogo wetu, wewe tukuamshe vipi? Mguu, matusi, au maji?"

Arlo akasema, "Nishikeni bega tu, mniite jina. Nyumbani mama ndiye alikuwa ananiamsha." Halafu akaongeza kwamba mama yake walimzika mwezi wa nane.

Trent alisema, "Sawa, kaka," akapanda kitandani na kugeukia ukuta. Lakini tangu siku hiyo zamu ya asubuhi, ambayo zamani watu waliikimbia, inagombewa. Watu waliokuwa hawajawahi kuona jua likichomoza wanahongana mikate ya mdalasini ili wapewe wao. Arlo hushikwa bega kila asubuhi na kuitwa jina, na hakuna aliyewahi kufanya utani hapo, hata wale ambao hawajui kufanya kitu kingine.

Nikuambie ukweli, Bi. Mkurugenzi, naogopa. Naogopa kwamba mwakani Arlo atalala nyuma ya mlango wenye kufuli, saa italia, ataizima mwenyewe, na hakuna mtu duniani atakayejua kama ameamka au amejifunika tena. Jengo lenu ni zuri, lakini linaweza kummeza mtu namna hiyo kwa mwezi mzima, huku sisi wengine tukipiga mswaki.

Baada ya kutafakari hayo, tunawasilisha maombi yetu.

Tunaomba kuta za ghorofa ya tatu zisijengwe, jambo ambalo nadhani ni rahisi kuliko kuzijenga. Tunaomba mabomba ya joto yasifike huko juu. Bi. Quillen ametueleza kwamba hata hivyo joto la chini litapanda, nasi tumelifikiria hilo: ghorofa ya pili isipashwe joto, na ya kwanza pia. Ofisi yako, ambayo kwenye ramani iko chini yetu, itaathirika kidogo. Tutakuletea blanketi.

Kisha kuna suala la hali ya hewa. Januari siku hizi haiaminiki. Juzi hapa ilinyesha mvua, na vijana wa mwaka wa kwanza wakaanza kudhani maisha ni mepesi. Ili kujihami, tunaomba bweni liwekewe mtambo wa ubaridi kama ule wa machinjioni. Nimeshaanza kufuatilia. Nilimpigia simu muuzaji mmoja, mzee mchangamfu kabisa, akaniuliza, "Nyama kiasi gani, bwana mdogo?"

Nikamwambia, "Ishirini na watatu."

"Ng'ombe au nguruwe?"

Nikamwambia, "Wengi wao wanasoma uhasibu." Akakata simu. Kwa hiyo tunaomba apigiwe na Chuo chenyewe, ambacho kina jina kubwa kuliko langu.

Mwisho, kwa ajili ya usawa, hatuoni kwa nini faida hizi ziishie kwetu. Maprofesa wetu wanalalamika kwamba wanafunzi hawawajali. Walazwe pamoja, madirisha wazi, waamshane kwa mkono, na baada ya msimu mmoja tu wa baridi tutakuwa na chuo chenye upendo wa ajabu. Mkuu wa Chuo aanze na nyumba yake, kwa kuwa ndiyo yenye madirisha mengi.

Nisikuchoshe zaidi. Msalimie sana Bi. Quillen, umwambie ile nyumba yake ya karatasi tuliiangusha kidogo tu, na bomba la moshi tumeligundisha. Msalimie yule mama wa mapokezi anayetugawia peremende, walinzi wote ambao wanatujua kwa majina, na Mkuu wa Chuo mkionana. Ndugu zangu wote wanakusalimu. Arlo naye anakusalimu, ingawa sikumwambia ninakuandikia nini.

Wako anayetetemeka kwa hiari,

Clayton Wubbena,
Rais wa Nyumba.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga nilipowaza kwamba malalamiko bila ushahidi yataonekana porojo. Basi Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nilikwenda kwenye ofisi yenu ya ujenzi, ambako mmejenga chumba kimoja cha mfano, cha ukubwa kamili, ili watu waje kukiona. Nilibeba kipimajoto.

Sakafu ina joto, Bi. Mkurugenzi. Hakuna aliyekuwa ametuambia habari za sakafu. Nilivua viatu kwa ajili ya uchunguzi, kisha soksi, kisha nikalala chali ili kipimo kiwe sahihi.

Waliponingoja nyumbani bila kuniona, Trent akaja kunitafuta. Anasema alinikuta nimelala, naye akakaa chini mara moja tu, afikirie namna ya kunibeba. Baadaye wakaja wengine kumtafuta Trent. Mama wa mapokezi anasema waliingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwambia, "Nawachukua tu hawa jamaa, mama, natoka sasa hivi," na hakutoka hata mmoja. Tulijaa humo nyumba nzima: kitandani, chini ya meza, wawili ndani ya bafu, na miguu ya wengine imetokeza kwenye korido hata mlango haukufungika. Sijawahi kulala usingizi kama ule tangu nizaliwe.

Aliyetuamsha ni Arlo. Alifika wa mwisho, akakosa pa kujilaza, akakaa mlangoni. Jioni mama wa mapokezi alipotaka kufunga, Arlo alimwomba amwachie yeye kazi ya kutuamsha, akapita katikati yetu akimwamsha kila mtu jinsi anavyopenda. Kumbe namna ya kila mmoja alikuwa ameishika kichwani. Na matusi anayajua, tena mazuri.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu kuhusu baridi naomba uyafute. Mtambo wa machinjioni msiununue, na maprofesa waacheni walale kwao. Tulikosea: tunataka joto, hasa hilo la sakafuni. Madirisha nayo yabaki yamefungwa. Vile vyumba vingine ishirini na viwili wapeni watu wengine. Sisi kile kimoja kinatutosha.