Rudisha Mpishi Wako wa Zamani

Ndugu Mwenye Mgahawa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTAMU WA CHAKULA CHAKO

Nakusalimu kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi ni fundi cherehani wa duka lenye mlango wa kijani, mteja wako wa meza ya dirishani kila Alhamisi mchana kwa miaka tisa. Sijawahi kukulalamikia hata siku moja. Leo yamenifika shingoni.

Miezi mitatu iliyopita mpishi wako wa zamani alistaafu, ukamleta yule mama mwembamba asiyependa maneno mengi. Tangu siku hiyo chakula chako ni kitamu kupita kiasi. Madhara yake ni haya:

1. Meza yetu imekuwa bubu. Tuko wanne: mimi, daktari wa meno, shemeji yangu muuza viatu, na Mwalimu, mstaafu aliyetufundisha hesabu sisi watatu tukiwa wadogo. Enzi za mpishi wa zamani tulikuwa tunavunjana mbavu. Daktari akitafuna jiwe kwenye wali, anasimama na kutoa hotuba. Nyama ikiletwa, shemeji anaikunja kwanza aone kama inafaa kwa soli. Siku hizi sahani zikishatua, kinachosikika ni vijiko tu. Juzi nilitoa kichekesho kizuri sana kuhusu suruali ya bwana harusi, kikafia mezani. Shemeji aliniinulia kidole nisubiri amalize mchuzi.

2. Daktari amepoteza wagonjwa. Nyama yako ya zamani ilikuwa inampelekea wateja. Ya sasa inaachia mfupa yenyewe. Yeye mwenyewe anasema hana neno, lakini mtu anayekula huku amefumba macho si shahidi wa kuaminika.

3. Viuno. Hao wote nawashonea mimi. Suruali tatu za daktari nimeshazipanua. Shemeji karudi mara mbili akidai kitambaa changu kinasinyaa kikifuliwa, wakati suruali yenyewe haijawahi kuonja maji! Nguo za harusi za watu zimelala kwenye rafu, mimi nahangaika na matumbo.

4. Hili nilikuwa nalo kabla sijala. Nikilikumbuka nitaliandika.

5. Umeniingilia nyumbani. Zamani kila Alhamisi nilirudi na hamu ya chakula chenye ladha, nikakila chakula cha mke wangu kwa bashasha, akaniona mume wa maana. Sasa nafika hamu yote nimeimalizia kwako, nachokonoachokonoa sahani. Akaanza kuniuliza maswali, na nadhani unayajua maswali anayoulizwa mume asiyekula kwake. Ili kujisafisha nikamleta kwako aonje mwenyewe. Lo, nilijichongea! Sasa kila Jumanne anakuja hapo na dada zake watatu, na mimi Jumanne nakula mkate mkavu dukani.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu amzike mkewe, yapata miaka miwili, Mwalimu alikuwa anakula vijiko vitatu tu. Baada ya hapo ananisogezea sahani na kuniomba nimsaidie. Mimi nimelelewa vizuri, siwezi kumkatalia mwalimu wangu. Kwa hiyo kwa miaka miwili nimekula karibu sahani mbili kila Alhamisi, na mwili umeshazoea. Naihesabu kuwa haki yangu. Alipokuja huyu mama, mambo yakaharibika taratibu: vijiko vinane, kisha kumi na viwili, kisha nusu sahani. Alhamisi iliyopita nilishasogeza glasi yangu kupisha sahani yake, kama kawaida. Sahani haikuja. Kugeuka, namwona Mwalimu anafuta mchuzi kwa kipande cha mkate, na mkate wenyewe ulikuwa wangu! Jamani, hapo nilikaa na njaa mbele ya watu.

Kwa hayo, naomba kwa heshima zote umrudishe mpishi wa zamani, walau Alhamisi. Ikishindikana, umwagize mama aunguze wali kidogo. Ikishindikana kabisa, asahau chumvi kwenye sahani ya Mwalimu tu, sisi wengine atuache tulivyo.

Nakiri kwamba nilijaribu kumaliza jambo hili kimyakimya. Nilimtafuta mpishi wa zamani mwenyewe ili nimshawishi arudi kazini. Nilimkuta kwako, meza ya karibu na mlango, anaramba vidole. Hakuwa na nafasi ya kuzungumza.

Nisalimie wahudumu wote, hasa yule mrefu anayejua nakaa kiti kipi. Msalimie pia paka wa jikoni, ambaye namwona amekonda tangu sahani zianze kurudi tupu.

Ni mimi, mteja wako mwenye kinyongo na shibe,

Fundi wa Mlango wa Kijani

N.B. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha, nimeifungua tena. Namba nne nimeikumbuka. Nilitaka kusema kwamba kile kimya cha namba moja sikukieleza sawasawa. Si utamu peke yake. Tulikuwa tunahesabu vijiko vya Mwalimu, sote watatu, kila mmoja akidhani wenzake hawaoni. Alipomaliza sahani, daktari alifuta macho na kusingizia pilipili. Mchuzi ule haukuwa na pilipili.

Leo asubuhi Mwalimu amekuja dukani. Kwa miaka miwili suruali yake ilikuwa inashikiliwa na tundu la mkanda alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Leo kalalamika kwamba inambana. Nimempima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuiona vizuri namba kwenye utepe.

Tafadhali ichane barua hii, na huyo mama usimwachie aende popote. Alhamisi tuwekee meza ileile. Na umwambie kwamba kiunoni mwa suruali mpya ya Mwalimu nimeacha kitambaa cha ziada, vidole vitatu kamili, kwa hiyo yeye apike tu.