Kituo cha Utulivu na Mashine ya Mzee Evod

Jumatatu, 2 Juni
Mwanangu Eustaki, miezi saba, halali mchana tangu mavuno yaanze. Mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Evod iko ng'ambo ya barabara, jirani na shule ya msingi. Inanguruma tangu asubuhi. Nilimfuata, shikamoo, nikamwomba azime japo saa ya mchana. Marahaba mwanangu, akasema, mwambie mwanao alale usiku kama watu wengine. Sawa!

Jumanne, 3 Juni
Redioni kaongea mtaalamu wa taasisi ya utafiti. Mtangazaji hakumkatiza hata mara moja. Mimi hata Venance, mume wangu, ananikatiza. Nimeelewa. Mama hasikilizwi, taasisi inasikilizwa.
Nimeanzisha Kituo cha Utafiti na Ushawishi wa Utulivu, Bonde la Kilombero. Mkurugenzi: mimi. Mtafiti mwandamizi: jirani yangu Merina, kwa sharti asiamshwe mapema. Makao makuu: jikoni.

Jumatano, 4 Juni
Utafiti, bombani. Swali: unapenda kelele au unapenda watoto? Wote wanapenda watoto, isipokuwa Mama Apolonia, aliyesema inategemea ni wa nani. Nimemwandika hajaamua.
Merina akauliza kwa nini ripoti haimtaji Eustaki. Nikamwambia taasisi haina mtoto. Tumeandika "wanafunzi". Nani atampinga mwanafunzi? Pendekezo: mashine iondolewe upande wa barabara wenye shule.

Alhamisi, 5 Juni
Ofisi ya kata, Lumemo. Nimepewa kiti! Sijawahi kupewa kiti pale.
Lakini Mzee Evod naye kaja na Jukwaa Huru la Wadau wa Mpunga, lililozaliwa leo asubuhi. Matokeo yao: karibu kila mtu anakula wali. Katibu wa Jukwaa: Venance! Nilimtolea macho. Akanong'ona kwamba soda aliyonunuliwa ilikuwa ya baridi.
Mtendaji, Bwana Elineema, akauliza kama kuna yeyote mle ndani anayesumbuliwa na mashine nyumbani kwake, aseme. Nilikuwa nimembeba Eustaki mgongoni, macho yamemtoka kama bundi. Nikasema Kituo hakina maslahi binafsi.

Jumatatu, 9 Juni
Ushindi! Kata imepitisha pendekezo letu neno kwa neno. Mwalimu mkuu kanishika mikono yote miwili. Nimepika wali kwa nazi.
Jioni nikakuta mafundi wanapima kiwanja kilicho nyuma ya chumba chetu, ambacho Venance alirithi kwa baba yake. Kampangisha Mzee Evod. Venance anasema alitaka kuniambia, ila nilikuwa kwenye kikao.

Jumatano, 11 Juni
Mashine inanguruma ukutani. Sufuria zinatembea zenyewe. Pumba hadi kwenye uji.
Nilirudi kwa mtendaji. Akasema kwa upole, Mkurugenzi, serikali haiwezi kupingana na utafiti. Akanisomea ripoti yangu. Imeandikwa vizuri sana.
Merina kasema ningesema tu mtoto hapati usingizi, basi. Hana upeo wa kisera.
Mzee Evod kapita mlangoni akicheka. Mkurugenzi, utulivu haujambo?

Ijumaa, 13 Juni
Ajabu. Mashine inatetemesha kitanda taratibu, na Eustaki kalala! Asubuhi nzima, mdomo wazi, mkono kwenye shavu langu. Nikalala naye. Sikumbuki mara ya mwisho.
Saa saba umeme ukakatika. Mashine kimya. Akafumbua macho, akapiga yowe lililosikika hadi Kivukoni, kule mtoni. Nilimbembeleza, nikamnyonyesha, mwishowe nikamkaripia kidogo. Wapi!
Nimekivunja Kituo. Kuanzia sasa ni Taasisi ya Umeme wa Uhakika. Sababu rasmi: friji za chanjo. Merina kakataa kazi, nimempandisha cheo kuwa mkurugenzi mwenza. Mtoto hatajwi popote.