Wapiga Mbizi wa Wamagana

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Ng'ombe hawakutaka kutoka zizini, na sikuwalaumu.

Nyawira amepiga simu. Si kwangu, kwa mama yake. Huyu ni binti yetu kitindamimba, anayefundisha watu kupiga mbizi baharini kule Diani. Watu wazima wanalipa ili wazamishwe! Hajafika nyumbani Krismasi mbili, maana wageni hujaa pwani wakati uleule sisi tunapochinja. Sasa tajiri wake anafikiria kufungua darasa la mbizi huku mlimani, katika bwawa la kuogelea la hoteli moja ya Nanyuki. Wakipatikana wanafunzi wanne, Nyawira atakuja kuwafundisha na atalala kwetu. Wasipopatikana, haji.

Kagure, mke wangu, akauliza kwa nini nisimpigie tu nimwambie njoo. "Baba Nyawira, una hamu naye mpaka unamsimulia mbwa habari zake."

Nikamweleza kwamba mzee haombi. Mzee huandaa mambo, na mtoto hujikuta amekuja. Mimi ni katibu wa kamati ya josho la ng'ombe, ya maji na ya makaburi. Watu wanne ni kitu gani?

Jumanne, 5 Agosti

Watu wanne ni kitu kikubwa.

Nimetangaza asubuhi mahali tunapopimia maziwa. Mmoja akauliza kama huko chini kuna kazi. Mwingine akasema babu yake alizama Mto Gura bila kulipishwa hata senti.

Bei ni elfu ishirini na tano kwa kila mtu, kwa masomo na bwawa tu. Bahari ni baadaye, na bahari ina bei yake. Nilimwandikia Nyawira nikauliza kama hewa ya mtungini, ya kupumulia majini, inatoka ng'ambo. Akajibu kwamba ni hewa ya kawaida, imeshindiliwa tu. Yaani ni ileile ninayovuta bure hapa Wamagana! Na ya hapa ni safi zaidi.

Habari njema moja: arbuni ya elfu tano inatosha kuandikisha jina.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Gikonyo. Ni mwenyekiti wa kamati ya josho na jirani yangu wa tangu zamani. Simpendi wala siwezi kukaa siku mbili bila kumwona. Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Katibu! Wewe hata kuoga unangoja jua, ati sasa unataka kuzama?"

Nikamwacha acheke. Kisha nikataja, kana kwamba nimekumbuka tu, kwamba mwishoni hutolewa cheti chenye picha. Akauliza picha ni ya ukubwa gani. Gikonyo ni dhaifu mbele ya vyeti. Sebuleni kwake amekitundika hata kile cha chanjo ya mbwa.

Kilichobaki ni bei. Na hapo ndipo nilipopata wazo, nadhani bora kuliko yote ya mwaka huu. Serikali ilipoleta mafunzo ya nyuki kule Kangari, je, tulikwenda sote? Hatukwenda. Tuliunda kikundi, tukatuma mjumbe mmoja, akarudi akatueleza, na sote tukahesabiwa kuwa tumesoma. Mizinga tunayo hadi leo. Nyuki ni suala jingine.

Basi! Kikundi cha Wapiga Mbizi wa Wamagana. Majina manne, arbuni nne, mtu mmoja majini, cheti kimoja cha wote. Gikonyo akanishika mkono. Alikuwa amekwisha kuamua cheti kitatundikwa wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mkutano wa kwanza. Tumekutana mtaa wa Majengo, katika saluni ya Sophie, ambaye ni binamu ya Kagure na ana viti. Sophie alikubali kujiunga kwa sharti moja: yeye ndiye ashike fedha. Alimtazama Gikonyo alipokuwa akisema hivyo.

Wa nne ni Abdisalan, mfanyabiashara wa mbuzi wa Nanyuki, rafiki yangu tangu siku za mnada wa kale. Alichelewa kwa sababu ya mteja. Alipofika, Gikonyo alikuwa mwenyekiti, Sophie mweka hazina, na mimi katibu. Cheo kilichobaki kilikuwa kimoja. Tukamchagua bila kupingwa kuwa mjumbe.

Akauliza mjumbe wa nini. Tukamwambia.

"Mzee Dedan," akaniambia, "mimi nimetoka jangwani. Maji naheshimu sana. Nayanywa, natawadha, basi." Nikamjibu kwamba azimio limekwisha kupitishwa. Akamgeukia Sophie, na Sophie alikuwa tayari anaandika risiti.

Arbuni zimetumwa. Nyawira ameniandikia mimi, si mama yake: "Baba, wanne kweli? Wamagana?" Nimemjibu: "Wanne kamili." Nimeusoma ujumbe wake tena baada ya chai.

Jumatano, 13 Agosti

Amefika! Kwa pikapu ya tajiri wake, iliyojaa mitungi kama ya gesi ya kupikia. Amepanuka mabega. Ameushambulia mukimo wa mama yake, viazi vya kupondwa na mahindi, kama mtoto aliyefunga shule ya bweni. Nilimwambia lango halikufungwa vizuri, nikaenda kulifunga mwenyewe. Nilikaa kule langoni kidogo. Upepo ulikuwa unaingia machoni.

Baada ya kula akatoa maelezo. Kila mwanafunzi ataelea dakika kumi bila kushika kitu. Kila mwanafunzi ataogelea. Kila mwanafunzi atapimwa na daktari. Na cheti ni cha mtu mmoja mmoja, chenye uso wake.

Nikauliza, kwa niaba ya rafiki, kama kikundi hakiwezi kuwa na uso mmoja.

Akanitazama kama mama yake anavyonitazama. "Baba. Umefanya nini?"

Nikasema kila kitu kimeandaliwa. Akasema tajiri wake atataka majina ya waliomaliza mazoezi ya bwawa. Wasipotimia wanne Ijumaa, darasa linafungwa, na Jumamosi alfajiri yeye anarudi Diani badala ya kukaa hadi Jumatatu.

Siku mbili zaidi za binti yangu ziko mikononi mwa Gikonyo. Mungu atusaidie.

Alhamisi, 14 Agosti

Kwa daktari. Moyo wangu ni mzima. Shinikizo la damu la Gikonyo lilikuwa zuri mpaka Nyawira akamweleza kwamba salio la elfu ishirini ni la kila mtu. Daktari alilazimika kumpima upya.

Gikonyo amenishutumu njia nzima kwamba nimemuuza. Amekwisha kutengenezesha fremu ya cheti cha kikundi, ya mti wa mkangazi. Nikamwuliza taratibu kama fremu ile haiwezi kutoshea uso mmoja, wake. Akaacha kunishutumu. Nilijua!

Limebaki tatizo la kuelea. Sijawahi kuelea. Nilipojaribu utotoni nilifika chini haraka kuliko jiwe lililorushwa pamoja nami. Lakini nimefikiri. Chupa tupu ya maji ya kunywa huelea. Je, chupa sita? Nimezikusanya stoo, nimezifunga vifuniko vizuri, na nimezipanga ndani ya fulana yangu ya sufu. Kesho zitakuwa chini ya suti ya mpira. Kagure alinikuta. Alizima taa akatoka.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeokoka. Naandika nikiwa nimejifunika mablanketi matatu.

Nanyuki, saa tatu asubuhi. Mlima haukuonekana. Bwawa lilionekana, na lilikuwa la rangi ya jino linalouma. Abdisalan hakuwapo. Alikuwapo mbuzi, amefungwa kwenye mguu wa kiti, na mtu wa lango akatuambia kwamba mwenye mbuzi ameomba radhi. Abdisalan anatufahamu. Mtu akiwakosea wazee hutoa mbuzi, na mambo huisha. Gikonyo akamkagua mbuzi meno, akasema faini inatosha.

Nyawira hakusema hivyo. Alisema: "Mbuzi haelei, wazee. Ninao watatu."

Sophie aliingia kwanza. Alivaa kofia tatu kulinda nywele, akapiga kelele moja ya baridi iliyosikika pengine hadi sokoni, kisha akaelea dakika zote kumi huku akizungumza. Gikonyo akatangaza kwamba kwa itifaki mwenyekiti hawezi kumtangulia katibu. Kwa hiyo niliingia mimi.

Nilielea! Kama gogo! Miguu juu, tumbo juu, mikono kifuani kama mzee aliyeridhika. Dakika kumi zikaisha nikaongeza tatu za heshima. Gikonyo alinitazama kwa kijicho ambacho sijawahi kukiona tangu nilipopata ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi. Nyawira akasema hajawahi kuona mtu wa milimani akielea namna hii. Nilijibu kwamba ni asili yetu.

Ndipo akanivalisha mtungi na kusema: sasa zama.

Sikuzama. Akanifunga mkanda wa vipande vizito vya risasi. Sikuzama. Akaongeza vingine, na vingine. Kichwa kilishuka, miguu ikabaki juu ikipunga watu. Sophie alisema nafanana na bata anayetafuta minyoo. Gikonyo alisema kitu kibaya zaidi, kwa Kigikuyu, na wapishi wa hoteli wakatoka kutazama.

Nyawira akanigonga tumboni kwa ngumi. Tumbo likasema kra-kra.

Akanigonga tena. Kra-kra.

Akafungua zipu ya suti mbele ya watu wote na kuzitoa chupa moja baada ya nyingine, akizipanga ukingoni. Ya nne ilipotoka alikuwa amekaa kwenye ngazi za bwawa, hawezi kusema kwa kicheko. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa kicheko sikuwa nimejiandaa. Alikuwa akicheka hivyo alipokuwa na miaka sita.

Kisha akanishika mkono na kunifundisha kuelea upya, kiganja chake chini ya mgongo wangu, mpaka nikaacha kupigana na maji. Sijui alikiondoa lini kile kiganja.

Nikaogelea ukingo hadi ukingo, kama mbwa, lakini nikafika. Halafu tukashuka. Akanionyesha kubana pua na kusukuma hewa ili masikio yazibuke. Nilivuta pumzi ndani ya kipumulio nikangoja kufa. Hewa ikaja! Nikavuta tena. Kimya kabisa, isipokuwa pumzi yangu mwenyewe, nzito kama ya fahali. Nyawira alipiga magoti mbele yangu kwenye sakafu ya bwawa, macho makubwa nyuma ya kioo, akaniuliza kwa vidole kama niko salama. Nikajibu kwa vidole kwamba niko salama. Hatujawahi kuzungumza vizuri namna ile.

Gikonyo aliingia kwa sababu mimi nimetoka hai. Alilia, akaelea, akazama, akatoka akidai kwamba amekaa chini kuliko mimi. Si kweli.

Watatu. Nyawira akaanza kufunga vitu vyake polepole, bila kututazama. Kagure, aliyekuwa amekuja na chupa ya chai, akamwuliza suti ya kimo chake iko wapi. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mama wa watu. Akanikabidhi kikombe, na Nyawira akamkabidhi karatasi ya daktari: naye alikuwa amepimwa jana. Aliingia majini bila kelele na kuelea kama jani. Amekulia ukingoni mwa Gura, anasema. Kila mtoto wa kule huogelea. Miaka arobaini na moja ya ndoa! Hakuna aliyeniambia. "Hukuuliza," akasema, akageuka, akaogelea kwa mgongo.

Jina la Abdisalan limefutwa, la Kagure limeandikwa. Hoteli imemnunua mbuzi, na fedha zake zimepunguza salio. Wanne kamili! Anakaa hadi Jumatatu!

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada Gikonyo alidai cheti. Nyawira akamkumbusha kwa upole kwamba bwawa ni nusu ya kazi. Cheti chenyewe huja baada ya kuzama mara nne baharini, kwa malipo mengine, na nauli, na malazi. Na baada ya kuzama mtu asiharakishe kupanda nyanda za juu kama kwetu. Angoje kwanza, akilipia chumba. Gikonyo alikaa chini. Kwa sasa tumepewa karatasi inayosema tumemaliza bwawa. Ameitia kwenye fremu ya mkangazi, nayo imepotea humo kama stempu kwenye mlango.

Jioni Nyawira alikaa nami kibarazani tukimenya mahindi. Akaniambia kwamba tajiri wake alitaka wanafunzi wawili tu, na kwamba kwa vyovyote yeye angekaa hadi Jumatatu. Idadi ya wanne aliitunga mwenyewe. Alitaka kuona babake atafika wapi kabla ya kusema neno moja.

Nikamwuliza amejifunza wapi hila za namna hiyo. Kagure, aliyekuwa jikoni, akakohoa.

"Baba, ukitaka nije, sema njoo. Hiyo tu. Nitakuja."

Nikamwahidi. Tukapeana mikono, kama wazee.

Jumamosi, 23 Agosti

Nyumba kimya. Mbwa naye amechoka kunisikiliza.

Nimempigia Nyawira. Mimi mwenyewe, kwa simu yangu. Nilikuwa nimekwisha kulifungulia mdomo lile neno. Akasema, "Naam, Baba?" Nikasema pampu ya maji imetumbukia katika bwawa letu la samaki, na kwamba pwani nzima simjui mwingine mwenye ujuzi wa kuitoa.

Akauliza bwawa lina kina gani. Nikasema ni kirefu. Kinanifika kiunoni, lakini hakuuliza kiuno cha nani.

Ameomba nimtumie picha ya mahali ilipozamia. Ombi la haki kabisa.

Kagure yuko kwenye mkutano wa akina mama hadi saa kumi. Pampu bado iko stoo, nayo ni nzito kuliko nilivyodhani. Nimemwita Gikonyo aje ashike upande wa pili.