Kumpakia Kadidja hadi Mangobo

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefika Kisangani! Mgongo unauma, mkoba umekatika mkanda mmoja, lakini nimefika. Mpango ni huu: siku mbili kwa Landry, kula, kulala, kufua. Kisha boti hadi Kinshasa, na kutoka huko hadi Muanda, kwenye Atlantiki. Nimeshatangaza Lushoto nzima kwenye WhatsApp kwamba mwisho wa mwezi nitapiga picha nimesimama ndani ya maji ya Atlantiki. Binamu yangu Shemdoe kajibu kwa kucheka tu. Atakiona.

Landry nilisoma naye Dodoma. Siku hizi anafanya kazi ofisini hapa Makiso, katikati ya mji, ana mke, Benie, na nyumba ndogo. Nimepewa kochi la sebuleni. Tulipoonana alinigonga kichwa kwa kichwa, upande huu, upande ule, kisha tena. Nikadhani ananichokoza. Nikamrudishia kwa nguvu zote. Kumbe ndivyo wanaume wanavyosalimiana hapa! Benie alimkanda nundu kwa maji ya moto bila kunitazama.

Nafasi ya boti nimetafutiwa na Landry kwa binamu yake Valère, fundi wa injini. Boti lenyewe ni la mbao, refu, wanaliita baleinière. Nilimuuliza Valère linaondoka lini. Kesho. Saa ngapi? Akanishangaa. Likijaa ndiyo linaondoka, alisema. Sasa kama halijajaa kesho ni kesho kweli? Sikuelewa, ila niliitikia kwa kichwa.

Jumanne, 4 Novemba

Boti halijajaa. Landry kaniazima baiskeli ya mdogo wake Nephtali, ambaye yuko Yanonge kununua samaki. Nyuma ina mto mnene mwekundu, una nyuzi za kuning'inia pembeni. Landry alinisisitiza niufungue mto kabla ya kutoka, la sivyo watu watanisumbua. Sikuufungua. Mto mzuri vile! Landry tangu chuoni ni mwoga wa kila kitu.

Mji wa ajabu. Baiskeli kila mahali, zote zina mito, na kila mwanamume kampakia mtu. Familia za hapa zinapendana sana. Kwetu milimani baiskeli ni ya kusukuma, na anayeisukuma yuko peke yake.

Nilisimama kwenye kona ya soko kufuta jasho. Mwanamke akapanda nyuma! Bila kuniuliza! Kitenge cha njano, kikapu cha pondu, kisamvu chao, mapajani. Akaniambia nimpeleke Mangobo, tena niende polepole, maana njia "iko mubaya". Nilichanganyikiwa kabisa. Nikakanyaga pedali, ningefanya nini? Njiani nikamuuliza jina. Kadidja. Kwao ni Kindu, Maniema. Nikamwambia kwetu ni Lushoto. Akaniambia niangalie mbele.

Kwenye lango lake akanitia noti kiganjani. "Merci, papa," akasema, akaingia ndani.

Papa? Nina miaka thelathini na moja! Na tangu lini mwanamke anampa mwanamume pesa, siku ya kwanza tu? Nimeihifadhi noti ndani ya pasipoti, sitaitumia kamwe. Nimependwa na sijui nimefanya nini.

Jumatano, 5 Novemba

Boti halijajaa. Nashukuru.

Nimerudi kwenye kona ileile. Kwanza akataka kupanda mzee mwenye mbuzi. Nikamwambia kwa adabu kwamba nafasi ina mwenyewe. Akasema maneno mengi ya Kilingala, sidhani kama yalikuwa ya baraka. Baadaye Kadidja akatokea na debe la mawese. Nikamkimbilia na baiskeli, akapanda. Mambo yanaenda!

Lakini kuna adui. Anaitwa Gédéon, ana kizibao cha njano chenye namba mgongoni. Nyuma yake wanaume wenzake, kila mmoja na baiskeli yake, wamepanga mstari. Alinifokea mbele za watu: "Weye unatoka wapi? Huyu ni client ya ligne yetu!" Client, yaani mteja! Hivyo ndivyo anavyomwita mwanamke! Nikamtazama vizuri, nikaona wivu mtupu. Halafu nikatazama ule mstari, na hapo nikashtuka. Wanaume wote wale wamepanga foleni kwa ajili ya Kadidja mmoja!

Jioni nilimweleza Landry. Akaniuliza kama mto niliufungua. Nikabadilisha mazungumzo.

Alhamisi, 6 Novemba

Msiba! Valère kapiga simu kwamba mizigo karibu inatimia, niwe tayari. Siwezi kuondoka sasa. Mpango: malaria. Nikajifunika shuka hadi kidevuni, nikatetemeka, nikaomba wiki moja ya kupumzika.

Benie akaleta kikombe cha kongobololo, majani ya dawa. Uchungu wake siwezi kuuandika. Nikamwambia nimepata nafuu. Akasema dawa inafanya kazi, akajaza kingine. Akaongeza kwamba mgonjwa anaweza kupona hata ndani ya boti, kwa sababu Jumapili mama yake anakuja na kochi ni la mama yake. Nikanywa cha tatu kwa sababu alikuwa amesimama palepale.

Adhuhuri nikachungulia dirishani. Kadidja anapita, nyuma ya baiskeli ya Gédéon! Anacheka! Moyo uliniuma kuliko ulimi. Nikapona papo hapo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemfuata Gédéon ana kwa ana. Nikamwambia tumalize jambo hili kiume. Nilitarajia ngumi. Badala yake akatulia, akanieleza kwamba kama nataka kubaki pale kuna utaratibu. Nimwone président wao, Papa Cyprien, nijitambulishe natoka wapi, nilete na kasha la soda kwa wakubwa.

Kumbe posa ya Kadidja inapitia kwao! Nikamuuliza kama yeye mwenyewe hana kinyongo. Akasema hapana, kazi iko ya kutosha watu wote. Sikuelewa hilo, lakini nililiona la kiungwana.

Kasha nimelinunua kwa akiba yangu ya chakula cha safarini. Papa Cyprien akaniuliza ukoo, dini, na kama breki zinashika. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa kujizuia. Wakanywa, wakanigonga vichwa mmoja mmoja, safari hii niligonga kistaarabu. Mwisho wakanivalisha kizibao. Namba arobaini na moja! Nilitoa machozi. Kwetu mchumba anavishwa pete, hapa anavishwa kizibao. Kila nchi na mambo yake.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo ndiyo siku yenyewe.

Asubuhi nilikuwa kwenye mstari, kizibao kimenyooka, watu watatu mbele yangu. Landry akaja mbio na mkoba wangu mgongoni. Boti limejaa! Linaondoka sasa hivi, Valère analizuia kwa maneno matupu, nipande baiskeli twende bandarini. Akasema boti jingine hata Mungu hajalipangia siku. Na pale pale nikamwona Kadidja anatoka sokoni na gunia la mihogo.

Nilitazama mkoba. Nilitazama gunia. Nilifikiria Atlantiki, na kweli nilihuzunika, maana nimetembea njia yote ile kwa ajili yake. Wenzangu wa mbele walipoliona gunia wote wakageuza nyuso. Wananiachia! Waungwana! Nikamwambia Landry aende tu.

Kwenye mlima wa Mangobo nikamfungulia Kadidja moyo. Nilisema kila kitu, kwa kuhema. Akaniambia niangalie shimo. Sikuliona. Tuliokota mihogo pamoja, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Langoni akaita Papa Karima aje kusaidia. Akatoka bwana mnene, kabeba mtoto wa kike begani. Kaka yake, bila shaka. Kadidja akamwambia kwamba chauffeur huyu, yaani dereva, anaongea sana lakini anarudi kila siku. Bwana akanipa mkono. Akaniomba Jumatatu nije mapema nimpeleke mama yao mzee kliniki, maana mgongo wake hauwezi pikipiki.

Nimesikia king'ora cha boti nikiwa njiani kurudi. Nilisimama kidogo, kikapotea.

Landry kanikalisha sebuleni, kaniambia yote kwa sauti kubwa. Kwamba mto maana yake ni teksi. Kwamba zile noti ni nauli. Kwamba Papa Karima ni mume wa Kadidja, baba wa huyo Karima, na kila mtu Mangobo anamjua. Kwamba sina boti, sina chakula cha safari, na kuanzia kesho sina kochi. Benie alicheka hadi akakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza namwona akicheka.

Nimelala chali nikifikiri. Maskini Landry, kaishi hapa miaka yote na bado hauelewi mji wake. Mtu anamkabidhi mama yake mzazi kwa teksi? Unamkabidhi kwa mkwe. Nimemwomba awe msimamizi wangu wa ndoa. Ametoka nje ameshika kichwa kwa mikono miwili, nadhani ni furaha.