Kutembelewa kwa Mgonjwa Asiyeumwa

Kasulo, Ngara,
Jumatatu, baada ya kupalilia maharage.

Kwa Mwenyekiti,
Jumuiya ya Mtakatifu Monika.

Ndugu Mwenyekiti Danstan,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa kuwa hupo hapa kuniitikia, najiitikia mwenyewe: milele na milele, amina. Najua wewe ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu Wiston, na chai ya kwangu unaijua kuliko ya kwako. Lakini leo nakuandikia kiofisi na kwa heshima zote. Ushemeji nimeuacha jikoni. Nina hasira, Mwenyekiti. Hasira yenyewe inakuja na kicheko ndani yake, kwa hiyo usishangae ukiona mwandiko unacheza.

Mimi ni mwongoza sala wa jumuiya hii tangu Happy wangu yuko shule ya msingi, na sasa Happy ana watoto wake Biharamulo. Juma lililopita kamati yako ilikaa bila mimi ikaamua kwamba nipumzike mpaka nipone, na Marsiana ashike nafasi yangu kuanzia Jumatano hii. Halafu, ili uamuzi unoge, mkaja jumuiya nzima mnaimba kutoka barabarani, kunitembelea kama mgonjwa. Jamani! Mimi siumwi. Nina miaka hamsini na moja na hedhi imekoma. Kama kukua ni kuumwa, basi wewe kwa hizo mvi ungekuwa umelazwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu marehemu Fabiani. Ni kweli jioni ile ya sala niliiombea roho ya marehemu Fabiani ipumzike kwa amani, huku Fabiani ameketi mbele yangu na kikombe cha uji. Nilikusudia marehemu mama yake. Siku hizi akili inapandwa na ukungu kama huu wa milima yetu asubuhi: mgomba wa kwanza unauona, wa pili huuoni. Lakini tuseme ukweli, nani aliumia? Fabiani mwenyewe aliitikia amina, tena kwa sauti. Mkewe Irine alipiga yowe, hilo sikatai, ila majirani waliokuja mbio na majembe walibaki wakasali nasi, na hatujapata kujaza watu namna ile tangu Krismasi. Fabiani ameniambia hajawahi kusikia sifa zake zikisemwa vizuri hivyo, na ameomba siku akifa kweli niongoze mimi. Mtu ameshapewa kazi ya mbele, nyinyi mnamnyang'anya ya sasa!

2. Kuhusu kukuamuru ukae chini. Ulikuwa unasoma matangazo. Joto lilinipanda kutoka kifuani mpaka masikioni, nikawa kama nimemeza jiko la mkaa, na wewe ndiyo kwanza unarudia tangazo la usafi wa kisima. Nikakufokea, nikalia papo hapo, kisha nikacheka. Nasikia wengine walidhani ni pepo. Mwenyekiti, neno lile kila mtu alikuwa nalo mdomoni. Tofauti ni kwamba hedhi yangu ilipoondoka iliondoka na breki.

3. Kuhusu zawadi. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Anabeba sukari, sabuni, mkungu wa ndizi. Nyinyi, kwa kuwa mlishakubaliana kwamba ninachoumwa ni kichwa, kila mmoja alibeba cha kutengeneza kichwa, mkaviita virutubisho. Esperansia alileta vidonge vya magnesiamu alivyotumiwa na mwanawe wa Mwanza, ati vya usingizi na kutuliza moyo. Irine alileta mafuta ya samaki. Katekista Bonaventura alileta unga wa mlonge wa kutosha kulisha shule. Mama mkwe, ambaye ni mama yako mzazi kwa hiyo napima maneno, alileta chupa ya mizizi aliyoichemsha mwenyewe na hataki kuitaja jina. Na Happy, sijui nani alimpigia simu, akatuma kwa basi kopo lenye picha ya ubongo unaotoa miale.

Haya, nichague kipi? Happy anasema mwanamke anatakiwa asome maelezo, alinganishe, achague kinachomfaa. Ajaribu kuishi hapa! Nikichagua cha Irine nimemkataa Esperansia, na shamba langu linapakana na la Esperansia. Nikimeza cha Esperansia, Bonaventura atauliza mlonge wake umekosa nini, na yeye ndiye anayewafundisha wajukuu zangu wa hapa komunyo. Na ile mizizi, nani mwenye ubavu wa kuiacha? Ukichagua kopo hapa Kasulo umechagua na adui.

4. Kuhusu ukaguzi. Mgonjwa akishatembelewa lazima ajuliwe hali, na mlirudi kweli, mmoja mmoja, kila mmoja akitaka kuona kwa macho yake nikimeza chake. Siku ya gulio nikachoka kubishana, nikameza vyote kabla ya kutoka nyumbani. Weee! Magnesiamu haikuniletea usingizi, iliniletea mbio, na pale gulioni Benaco choo kiko mbali na soko. Mafuta ya samaki yalinifanya nicheue sato mimi niliyekula maharage, na paka wa Irine akanifuata njia nzima akiniita kwa huzuni. Mlonge uliniachia meno ya kijani, na ni kwa meno hayo nilimchekea Paroko. Habari ya mizizi sitaiandika kwenye barua ya kanisa.

5. Kuhusu nesi Tecla. Nilikwenda zahanati nikiwa na mfuko mzima. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanikaripia kama mtoto. Alisema mimi nameza vidonge vya presha, na mizizi isiyo na jina inaweza kugombana navyo, kwa hiyo chupa ile ikae mbali. Alisema makopo mengi yanaahidi makubwa kuliko yanayoweza kuthibitisha; kwanza nipime damu, maana huenda nina upungufu; nile vizuri, nitembee, nilale kwa wakati. Nikitaka kirutubisho nichague kimoja tu, nimwonyeshe, nikipe muda kabla ya kugusa kingine. Akasema pia ukungu huu kwa wengi hupungua, na nisikae nao peke yangu, nizungumze na wenzangu. Ni ushauri mzuri sana, Mwenyekiti, na katika jumuiya yako hautekelezeki. Kimoja, sawa. Kimoja cha nani?

Kwa hayo basi naomba kamati itekeleze yafuatayo, na sipunguzi hata moja.

Kwanza, wote mlionitembelea mrudi mchukue vyenu, kwa mstari uleule na wimbo uleule, ili majirani waliowaona mkiingia wawaone mkitoka. Kunitembelea kufutwe kabisa, ionekane hakukuwapo mgonjwa.

Pili, kama kamati inashikilia kwamba kusahau na kufoka ni ugonjwa, haki itendeke kwa wote. Wewe ulikwenda Ngara mjini kwa bodaboda kuleta mishumaa ukarudi na misumari. Bonaventura hukasirika mwaka mzima, na yeye hana hedhi ya kukoma. Ugonjwa wake ni wa ajabu kuliko wangu. Atembelewe. Mtembelewe wanaume wote, na tuanze na wewe, mlonge bado upo.

Tatu, sala zihamishiwe juu kilimani kwenye upepo, na wanaume wakae upande wa mbele wakinipepea kwa vitabu vya nyimbo. Joto likinizidi, matangazo yaahirishwe mpaka juma linalofuata.

Nne, niteuliwe kuwa mwongoza sala wa kudumu. Anayesahau hana kinyongo, na jumuiya inahitaji kiongozi asiye na kinyongo. Mimi tayari nimewasahau wote walionipinga kwenye kikao, isipokuwa Bonaventura, Esperansia na wewe.

Sasa niseme bila utani, shemeji. Usingizi umenikimbia. Majina ya watu yananikimbia. Nakaa na kifuniko cha sufuria mkononi nalia, sijui nalia nini, na Wiston hajui aniguse au anikimbie. Lakini nikisimama mbele ya watu nikaanza ile sala, najisikia bado ni mimi. Msininyang'anye na hiyo. Ninaogopa sana kukaa nyuma kwenye benchi nikisikiliza sauti ya mtu mwingine.

Nisalimie nyumba yako nzima, kamati yako pamoja na wale niliowataja, Fabiani aliye hai, na mama mkwe shikamoo yake umfikishie kabla hajasikia habari ya chupa.

Ni mimi niliye mzima wa afya na mwenye akili zake,

Priscila Nzeyimana
(Mama Happy)
Mwongoza Sala, mpaka Jumatano.

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, Marsiana akaingia. Nilijua amekuja kuchukua rozari ya jumuiya, nikakaza uso. Kumbe amekuja kulia. Shemeji, mwenzangu naye anawaka hivi hivi, mwaka mzima sasa. Juzi aliita majina ya wanawe wote na jina la aliyemtaka hakulipata. Hajamwambia mtu, na kwa jinsi anavyoiogopa Jumatano hajala tangu mlipomteua. Na kwa kuwa amenyamaza, hakuna hata mmoja wetu aliyempelekea kipande cha sabuni, mimi nikiwamo.

Kwa hiyo futa yote niliyoandika hapo juu. Andika: Marsiana anaumwa. Andika na mimi naumwa. Jumatano mje wote mtutembelee hapa kwangu, mwimbe tangu barabarani, makopo myaache nyumbani mlete sukari. Sala tutaongoza wawili, mmoja akikwama mwenzake anadaka. Tumejaribu sasa hivi. Tulikwama wote kwa pamoja, tukacheka mpaka tukakaa chini, na Wiston amekuja kuuliza tunacheka nini. Hakuna kati yetu anayekumbuka.