Mkate wa Kudumu Milele

Watu wengine hufa wakaacha nyumba na mashamba. Profesa alitaka kuacha mkate. Tena mmoja tu ungetosha, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, usingeharibika milele!

Profesa hakuwahi kufundisha hata chekechea. Alikuwa mwokaji mwenye tanuri moja, mashine moja ya kukandia na mdomo wa kutosha viwanda vitatu. Mtaa ulimpa cheo hicho siku alipoanza kutumia kalsiamu propionati, ile chumvi nyeupe inayotiwa kwenye mkate usiote ukungu upesi. Wenzake waliiita dawa ya mkate. Yeye alilitamka jina lote, polepole, kama anayesoma hati ya kutawazwa.

Wateja walikuwa wamepungua hadi tanuri likakaribia kufungwa. Ndipo mama wa stoo wa shule ya bweni alipotafuta mwokaji mpya. Mkate wa yule wa zamani uliota ukungu siku ya tatu. Profesa alimfuata mbio.

"Wangu, mama, utakaa mwezi!"

"Mwezi mzima?"

"Ukiona doa moja, nivue hili koti jeupe hadharani!"

"Sina haja ya kukuvua. Jumatatu saa nne nakuja kuuonja."

Jumatatu alfajiri mkewe, aliyekanda unga miaka yote ambayo mumewe alikuwa akiongea, alishika kijiko.

"Kijiko kimoja kwa kilo tano, baba watoto. Pakiti imeandikwa."

"Imeandikiwa waoga!" Akamimina pakiti nzima.

"Haya, na hamira itaponaje? Hamira na ukungu ni ndugu. Kinachomuua huyu, yule atakikwepa vipi?"

"Mke wangu, sayansi haijui undugu!"

Sayansi ilijua. Saa moja ikapita, donge halijaumuka hata unene wa ukucha. Profesa akalifunika taulo. Akaongeza blanketi. Saa ya pili akaliinamia, akalibembeleza kama mtoto mwenye homa. Wapi! Donge limenuna, halitaki hata salamu.

"Tuanze upya?" mkewe akauliza.

"Kwa muda gani? Lichome! Moto utaliamsha."

Saa nne kamili mama wa stoo akaingia. Kisu kikazama nusu, kikagoma kwenda mbele, kikagoma kurudi nyuma.

"Mwokaji, hili ni tofali?"

"Ni mkate ulioshikamana, mama. Wa kisasa."

Mama akavunja kipembe, akatafuna, akaacha kutafuna. Akatazama dirishani kama mtu anayewakumbuka wazazi wake.

"Utakaa mwezi, sikatai," akasema. "Mkate usiolika utakwenda wapi?"

Zabuni ikarudi kwa yule wa ukungu wa siku ya tatu. Hata hivyo mama hakuondoka mikono mitupu. Alichukua mkate mmoja, kwa kuwa mlango wa stoo ulikuwa ukijifunga kwa upepo.

Mkate uko pale hadi leo, mwezi wa nne sasa, umeuzuia mlango barabara. Profesa akipita humshika mtu mkono, amwonyeshe. "Ona! Hauna hata doa! Nilisema nini?"

"Kweli, Profesa," mlinzi wa shule alimjibu juzi. "Hata panya walikuja wakauonja. Tangu siku hiyo wamehamia kwa yule mwokaji mwingine."